Dobi aliyefua noti za baba mdogo

Jogoo wa pili anawika Mbamba Bay, na Tadea Kinunda ameshapiga pasi shuka lile lile mara tatu.

Shuka limenyooka zamani. Halina mkunjo wala doa. Hata hivyo Tadea analigeuza, analinyunyizia maji, anapuliza mkaa wa pasi mpaka cheche zinaruka, kisha anaanza tena kutoka pembeni kana kwamba limemkosea.

Dirishani simu inaita. Kwenye kioo jina linasomeka: Vitalis Maguu. Tadea anaitazama, pasi ikiwa hewani. Simu inaita, inaita, inanyamaza.

"Huyo ni jirani wa baba mdogo," anasema bila kuulizwa. "Atataka kujua ile kazi imefikia wapi. Na kazi yenyewe ilinifia mikononi tangu Aprili. Sasa nimjibu nini?"

Anarudi kwenye shuka. Kisha anaiacha pasi, anatoka nje, anakagua kamba za kuanikia ambazo hazina nguo, anarudi ndani. Kukaa hawezi. Mama Eunice, mwenye nyumba hii ya wageni, anamchungulia kutoka jikoni na kutikisa kichwa.

"Yuko hivyo miezi mitatu sasa," anasema Mama Eunice. "Mwanamke amekuwa kiguu na njia ndani ya ua wangu. Nimemwambia, Tadea, panda kwenu ukalimalize, maana mashuka yangu yataisha kwa pasi."

Leo anapanda milimani, kwao. Ameomba ruhusa, amefunga kilo mbili za usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye mfuko, na roho iko juu juu.

Tadea ana miaka 49. Ni dobi wa nyumba hii, hatua chache kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, kwa miaka kumi na tisa sasa. Mshahara wake ni shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Nguo za wageni ni posho yake mwenyewe: shati mia tano, suruali elfu moja, na koti la mtu wa serikali linaongezeka kidogo kwa sababu, anasema, wenye makoti huwa hawaulizi bei.

Lakini ukiuliza mjini humu habari za Tadea dobi, utaulizwa, "Yupi, Benki Kuu?"

Jina hilo la utani lilitoka mifukoni mwa wageni. Kanuni ya Tadea ni moja. Kila mfuko hukaguliwa kabla nguo haijagusa maji, na kila kinachopatikana hurudi kwa mwenyewe, iwe shilingi, tiketi au punje za karanga.

Noti ya kwanza ya kigeni aliitoa kwenye suruali ya mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa, Malawi. Ilikuwa kwacha, imelowa jasho na kukunjwa mara nne. Tadea aliinyoosha kwa pasi, akaipeleka mapokezini kwa mikono miwili. Mwenyewe akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mama, hiyo hata kwetu haipokelewi tena," mgeni alimwambia. "Baki nayo."

Tadea hakulala vizuri siku ile. "Nilikuwa nashangaa," anasema. "Mtu anakufa, ng'ombe anakufa, hilo najua. Sasa karatasi yenye picha na saini ya wakubwa nayo inakufa? Inakufa kwa ugonjwa gani?"

Akanunua albamu ya picha, ile ya kurasa za nailoni, akaiweka kwacha ukurasa wa kwanza. Tangu hapo kila mgeni anayesema "baki nayo" anaongeza kitu humo. Kuna kwacha za Zambia za kabla sufuri hazijapunguzwa. Kuna metikali ya Msumbiji yenye laki tano juu yake, ambayo mwaka 2006 ilinyolewa sufuri tatu. Kuna ya Zimbabwe. "Hii sufuri zake ni nyingi mpaka nilidhani mashine yao ilikwama," anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Ukurasa anaoufungua kwa taratibu ni ule wa nyumbani. Noti ya shilingi tano ya mwaka 1966, shilingi yetu ilipozaliwa, Mwalimu akiwa bado kijana. Noti za ishirini. Noti za mia. Za kichwa cha twiga zilizokuja miaka ya tisini. Nyingi alipewa na mabibi wa jirani waliozikuta kwenye masanduku ya marehemu waume zao.

"Mama yangu alikuwa anasema kwa shilingi tano unarudi na sukari, chumvi na mafuta ya taa, na mtoto anapata pipi," anasema. "Leo shilingi tano ukiidondosha, kuku haigeukii. Nchi nayo inazeeka. Mtu anaongeza mvi, pesa inaongeza sufuri."

Ukurasa wa mwisho wa albamu una kitu kidogo kilichokunjamana, ukubwa wa laini ya simu. Hicho ni kisa. Dereva mmoja aliyetoka Msumbiji kwa njia ya Chiwanda alisahau metikali ishirini kwenye shati. Tadea, kwa mazoea, akaipitishia pasi. Kumbe wenzetu kule baadhi ya noti zao siku hizi ni za plastiki.

"Nilipiga yowe, Mama Eunice akadhani nimeungua," anasema. "Nikamlipa dereva wa watu. Ile takataka nikaiweka hapo initie adabu. Maana mimi pasi inanitangulia. Nikiona kitu kimekunjamana, mkono unakwenda wenyewe."

Adabu, kama tutakavyoona, haikumwingia sawasawa.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya kweli ilitangaza kwamba noti za zamani, zile za kuanzia mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya mia tano ya mwaka 2010, zipelekwe benki zikabadilishwe. Mwisho ulikuwa tarehe tano Aprili 2025. Baada ya hapo hazitakuwa fedha halali.

Wengi mjini waliitikia kwa mabega. Nani ana noti ya twiga siku hizi? Tadea alisikia tangazo redioni akiwa na mikono kwenye povu, akainuka, akasahau hata kufunga bomba.

"Albamu yangu mimi ni makaburi," anasema. "Hao waliomo humo wamekufa, na mimi nawatunza. Sikutaka pesa ya mtu ninayemfahamu izikwe humo."

Na mtu mmoja wa namna hiyo alikuwepo.

Isidori Kinunda ana miaka 78. Ni mkulima wa kahawa Maguu, juu kabisa milimani, na ni mdogo wa baba yake Tadea. Baba alipofariki, Tadea akiwa darasa la pili, Isidori ndiye aliyemchukua. Kahawa ya Isidori ndiyo iliyonunua sare, madaftari na viatu mpaka darasa la saba. "Mvua ikizidi alinibeba mabegani mpaka shuleni," anasema Tadea. "Nisingekuwa yeye, sijui ningekuwa wapi."

Jikoni kwa Isidori, kama ilivyo kwa wazee wengi wa milimani, juu ya mafiga kuna kichanja. Hapo huhifadhiwa mahindi ya mbegu. Moshi huyakausha na kuwafukuza wadudu, na msimu wa kupanda ukifika mbegu hushushwa ikiwa nyeusi tii lakini nzima.

Miaka ile ya tisini, bei ya kahawa ilipopanda watu wakashangaa, Isidori alifunga noti zake kwenye vitambaa na kuziweka humo humo, katikati ya mahindi. Tadea alikuwa msichana mkubwa. Alizigusa siku moja aliposaidia kushusha mbegu, na baba mdogo akamwambia maneno asiyoyasahau: panya hapandi kwenye moshi, mdudu hakai, na mwizi hawezi kufikiria.

Januari Tadea alipanda mlima. Mzee akamkatalia katakata. "Pesa gani? Mimi maskini, nina kahawa na kikohozi."

Februari akapanda tena. Safari hii Isidori hakukana, ila alimsimulia habari za Clemence.

Miaka ya sitini, noti za zamani za Afrika Mashariki zilipokuwa zinaondoka na za Tanzania kuingia, baba yake Isidori alikuwa na akiba na hakujua kusoma. Akamkabidhi Clemence, binamu yake aliyesomeshwa misheni, azipeleke Songea kubadilisha. Wakamfungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Clemence akashuka mlima na asionekane tena. Miaka mingi baadaye mtu akaja na habari kwamba alionekana Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

"Tangu siku ile, kwetu pesa haitumwi kwa mkono wa ndugu," Isidori alimwambia. "Mgeni akikuibia unamsahau. Ndugu akikuibia unakaa unamngoja."

Tadea alirudi Mbamba Bay mikono mitupu. Machi ikapita, mvua inapiga, anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani.

Alhamisi tarehe tatu Aprili akapanda mara ya tatu. Hakubembeleza tena. Alikaa tu jikoni akamenya viazi. Isidori akasimama, akavuta kigoda, akapanda mwenyewe kwa magoti yake yale mabovu, akashusha vitambaa.

"Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto umshike," anasema Tadea. "Miaka yote hiyo, ukoo mzima, mimi ndiye wa kwanza kupewa."

Zilikuwa laki tisa na ushee. Zilipowekwa zingeezeka nyumba nzima kwa bati. Mwaka huu zilitosha kununua mashine moja tu ya kumenya kahawa, na hiyo ni ya mtumba. Ndiyo Isidori aliyokuwa anaitaka, maana ya kwake imekufa kwa kutu na sasa anauza kahawa mbivu kwa bei ya kutupa.

Barabara ya Maguu ilikuwa tope. Tadea alifika Mbinga mjini benki zimeshafungwa, akateremka mpaka Mbamba Bay na furushi kifuani. Ijumaa asubuhi akafungua vitambaa vyake chumba cha kufulia.

Lo! Noti zilikuwa nyeusi. Masizi ya karibu miaka thelathini yalikuwa yameganda juu ya twiga. Nyingine zilishikana, zinanuka moshi kama mtu aliyelala jikoni.

Dirisha la benki lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Muda ulikuwepo, siku nzima ya Ijumaa ilikuwepo. Tadea akaangalia noti, akaangalia beseni.

"Niliona aibu," anasema. "Mimi dobi. Mji mzima unanijua kwa pasi. Niende nikamwage masizi kwenye meza ya watu? Watasema, ona, Benki Kuu yenyewe hiyo. Nikajiambia, tarehe tano ndiyo mwisho, na leo ni nne. Nitazifua haraka."

Akazifua kwa sabuni ya mche, moja moja, kwa vidole. Akazibanua zile zilizoshikana. Akazilaza kati ya taulo. Mvua ikanyesha, hazikukauka. Jumamosi asubuhi akaona zimelegea kama majani ya mboga, na mkono ukaenda wenyewe: akakoroga wanga wa muhogo, ule anaotia kwenye kola za mashati, akazipaka, akazifunika kitambaa, akazipiga pasi.

Zikatoka zinasimama zenyewe. Twiga akaonekana mpaka kope. Tadea akavaa gauni la kanisani, akazifunga kwa utepe, akatoka kwa mwendo wa bibi harusi.

Alifika saa saba kasoro. Geti limefungwa.

"Mlinzi akaniambia, mama, Jumamosi tunafunga saa sita na nusu," anasema. "Mimi kazi yangu haijui Jumamosi wala Jumapili. Tarehe tano kwangu ilikuwa mpaka jua lizame. Nilisimama pale. Nikamwambia, kaka yangu, fungua kidogo tu. Akanionea huruma, lakini huruma haina ufunguo."

Jumatatu alirudi. Binti wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, akazigeuza noti zile nzuri, akamrudishia polepole. Muda ulikuwa umekwisha. Kisha akasema jambo ambalo Tadea analirudia kama mtu anayejibonyeza kidonda: "Mama, hata ungekuja nazo na masizi yake tungezipokea, mradi namba zinasomeka."

Hapo ndipo Tadea alipofanya kosa la pili, na hili, kwa maoni ya mwandishi, ni kubwa kuliko la kwanza. Hakupanda Maguu kusema.

Alijipa kazi. Akaanza kufua usiku na mchana: nguo za wageni, za walimu, za vibarua, mapazia ya ofisi, hata majoho ya kwaya. Kila shilingi aliifunga kwenye leso nyekundu. Mpango wake ulikuwa azifikishe laki tisa, apande, amkabidhi mzee, na habari iishie hapo. Simu ya Vitalis ikiita, anaiacha. Mzee mwenyewe hana simu. Aprili, Mei, Juni zikapita. Leso ina laki mbili na themanini elfu.

"Kwa kasi hii nitamaliza mwakani, na mzee ana miaka 78," anasema akifunga mlango wa chumba cha kufulia. "Siwezi tena. Nitapasuka."

Kwenye mkoba wake leo kuna vitu viwili. Leso nyekundu, na bahasha ya kaki yenye noti zilizofuliwa. Njia nzima, gari likizipanda kona za kutoka ziwani, mkono wake unaingia mkobani na kutoka. Anafungua dirisha, anafunga dirisha.

"Nitampa leso," anasema gari linapoingia Mbinga mjini. "Nitamwambia benki wanalipa kidogo kidogo. Yeye ataamini."

Juu ya pikipiki ya kuelekea Maguu, baridi ya Julai inakata masikio, anapiga kelele kushinda upepo: "Hapana! Nitampa bahasha!" Na kona mbili mbele: "Wewe mtu wa magazeti, ungefanyaje?"

Upepo ulimwokoa mwandishi asijibu.

Isidori Kinunda yuko uani, amevaa koti zito na kofia ya sufu, anachambua kahawa iliyoanikwa kwenye meza ya wavu. Ni kidogo mwaka huu. Anamwona Tadea tangu bondeni, lakini haachi kuchambua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kisha: "Umekonda."

Anapokea usipa, anaunusa, anausifu. Anauliza habari za ziwa, za Mama Eunice, za bei ya sukari huko chini. Habari za benki haulizi. Tadea anajibu huku amesimama. Anaona shati la mzee limetundikwa mlangoni, chafu, na kabla mtu hajasema lolote ameshalichukua, ameshapata ndoo, anasugua. Akimaliza shati anafuata suruali. Akimaliza suruali anashika ufagio.

"Tadea," anasema mzee. "Kaa chini."

Anakaa kwenye ukingo wa kigoda, kama mtu anayengoja kuitwa. Mkono unaingia mkobani. Unashika leso nyekundu; pembe yake inaonekana. Unakaa hapo. Kisha unairudisha ndani na kutoka na bahasha.

Anazilaza noti juu ya meza ya wavu, pembeni ya kahawa. Zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana.

Isidori anachukua moja, anaipeleka puani. "Inanuka sabuni."

"Ndiyo, baba."

"Umefua?"

"Nimefua."

"Na hii ngumu hivi ni nini?"

"Wanga, baba. Nilizitia na wanga."

Mzee anaigonga noti kwenye ukingo wa meza. Inalia ko, ko. Tadea anaeleza yote: masizi, beseni, mvua, geti, mlinzi, binti wa dirishani. Anaeleza mbio mbio, bila kuvuta pumzi, machozi yanashuka na hayafuti. Anamaliza na neno lililomleta: "Zimekufa, baba. Nimezichelewesha mimi."

"Wewe mtoto!" Isidori anasimama, kofia inaanguka. "Nani alikwambia benki wanakagua unadhifu? Ile ni pesa au sare ya shule? Mimi nakupa mbegu, wewe unaifua! Umeona wapi mtu anafua mbegu?"

Anatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Anasema mengine kwa Kimatengo, na Tadea, ambaye anaelewa kila neno, anainamisha kichwa zaidi. Anatoa leso nyekundu, anaifungua.

"Nimeanza kulipa, baba. Zilizobaki nitazileta. Nafua mpaka—"

"Funga leso yako."

Wakati huo jirani Vitalis, mwanamume wa makamo mwenye buti za shambani, anaingia uani, anaona hali ilivyo na kutaka kurudi alikotoka. Isidori anamwita. "Njoo. Mwambie huyu nilikuwa nakutuma nini."

Vitalis anakuna shingo. "Mzee alikuwa ananituma nikupigie, dada Tadea. Kila asubuhi."

"Najua," anasema Tadea. "Uulize habari ya benki."

"Hapana. Hakutaka niulize kitu. Aliniambia nipige, tusikilize wote kama inaita. Ikiita, anasema 'haya, asante,' anakwenda zake shambani."

Tadea anamtazama Vitalis, kisha baba yake mdogo. Haelewi. Kisha anaelewa, na anaweka mkono mdomoni.

"Clemence angekuwa na simu, angeizima," anasema Isidori. Hasira imemtoka, amekaa, ameishika kofia magotini. "Yako ilikuwa inaita. Nikawa najiambia, huyu bado yupo, hajaenda Tanga. Lakini mbona hapokei? Siku ya Jumatatu inaita, hapokei. Jumanne, hapokei. Nikafika mahali nikaogopa kumtuma Vitalis, nisije nikasikia haiiti."

Anasukuma noti zile pembeni kwa kiganja, kama makapi.

"Hizi nilijua zimekufa tangu Pasaka, padri alitangaza kanisani kwamba muda umepita. Nilikaa nazo kwenye moshi mpaka pesa ya mashine tatu ikageuka ya moja; mwenye kosa la kwanza ni mimi. Hizo nimesamehe. Baba yangu pesa alizililia msimu mmoja, kahawa ikaiva, akaacha. Clemence alimlilia mpaka tukamzika. Sasa niambie wewe, mwanangu. Simu ulikuwa hupokei kwa nini?"

"Aibu, baba."

"Aibu ya pesa?"

"Ya kwako. Ulinipa kwa mikono miwili."

Mzee anavuta pua. Anasema moshi wa jikoni leo ni mwingi, ingawa moto haujawashwa. Vitalis anaangalia milima.

Baadaye wanakula viazi na usipa, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Tadea anakaa kitako. Mipango inasemwa juu ya sahani. Chama cha msingi cha ushirika kinalipa kahawa kupitia benki sasa, na Isidori hajawahi kuwa na akaunti. Malipo yake yamekuwa yakipita kwenye akaunti za watu baki. Atafungua. Zile laki mbili na themanini zitakuwa za kuanzia, kwa masharti ya mzee: zihesabiwe kuwa mchango wa Tadea kwenye mashine, na wakiinunua awe na sehemu yake. Tadea anataka kubisha. Anaambiwa ale.

Kuhusu albamu ana ndoto yake, na anaitaja kwa sauti ya chini kama mtu asiye na uhakika kama amestahili. Anataka kuipitisha kwenye shule, Mbamba Bay kwanza, kisha vijiji vya milimani, Maguu mpaka Namswea, watoto waione shilingi ilivyozaliwa na inavyozeeka, wakawaambie babu zao majumbani. "Siku moja itatangazwa tena," anasema. "Noti hizi tulizonazo leo nazo zitazeeka. Nataka kila jiko liwe limesikia."

Jua linapoinama anainuka kuwahi gari. Wamekubaliana Jumanne ijayo: mzee atashuka na Vitalis mpaka Mbinga mjini, yeye Tadea atapanda kutoka ziwani, wakutane nje ya benki asubuhi na mapema. Tayari ameanza tena kuhangaika. Gari la kwanza linaondoka saa ngapi? Likiharibika njiani? Mvua ikinyesha? Labda alale Mbinga tangu Jumatatu. Labda aje huku huku Maguu tangu Jumapili.

Isidori anamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Anamfunga vizuri kitenge mabegani, kama alivyokuwa akimfunga koti la shule.

"Nenda," anamwambia. "Jumanne ukichelewa, nitajua umechelewa tu."